Kidole cha Willodean

Siku msanii alipofunua mfano wa udongo wa sanamu yake katika ukumbi wa chini wa Kanisa la Mlima Nebo, mjini Tallisaw, Alabama, Bi Arletha Goodlow alilazimika kung'ata leso ili asicheke mbele ya wageni. Pembeni yake Bi Earnestine Mabry, mkuu wa wahudumu wa milango hapo kanisani, alijifanya anakohoa. Akakohoa mpaka akaletewa maji, na maji nayo yakampalia.

Tuseme haki, mfano wenyewe ulikuwa mzuri. Mwanamke amevaa kofia ya Jumapili, mkoba kwapani, mkono wa kulia juu, na kidole cha shahada kimesimama wima kama mshumaa. Msanii, kijana aitwaye Corwin Aldersey, aliutoa kwenye picha ya gazeti la mwaka 1965, iliyopigwa humo humo kanisani wakati wa mikutano ya kudai haki ya kupiga kura. Chini ya picha gazeti liliandika: mwanamke asiyejulikana.

"Kitazameni kidole hiki," alisema Corwin, sauti ikimtetemeka. "Mtu mmoja. Kura moja. Taifa moja. Mama huyu hakutamka neno, lakini kidole chake kimehutubia dunia."

Bi Earnestine akaomba maji mengine.

Maana mtu yeyote aliyelelewa Mlima Nebo anakijua kidole kile kabla hajajua kusoma. Ibada za pale ni ndefu. Mchungaji akishashika kasi hashikiki, na binadamu ana kibofu, ana mtoto analia, ana maharage jikoni. Basi ukitaka kutoka katikati ya mahubiri, unainua kidole kimoja, unainamisha kichwa kidogo kama mtu anayepita chini ya kamba ya nguo, unanyata hadi mlangoni. Maana yake: samahanini, napita, msinihesabie dhambi. Corwin alikuwa mtu mweusi kama wao, lakini alilelewa Vermont kwenye theluji, katika kanisa ambalo ibada huisha kabla chai haijapoa. Mtu wa kule akibanwa, anavumilia tu.

Arletha akaondoa leso mdomoni, akausogelea mfano aucheke kwa karibu. Ndipo kicheko kikamkauka. Ile kofia ilikuwa yake. Aliinunua mwenyewe, akaiazimisha Jumapili moja, na haikurudi tena. Na kidevu kile, kilichotangulia mbele kama kinataka ugomvi, kilikuwa cha Willodean Tubbs, rafiki yake, aliyezikwa miaka minane nyuma.

"Na jina lake litaandikwa wapi?" akauliza.

"Jina la nani, Dada Arletha?" alisema Shemasi Lamar Scruggs, mwenyekiti wa kamati ya sanamu. Huyu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na mpaka leo akiuliza swali unahisi umechelewa darasani.

"La huyo aliyevaa kofia yangu. Ni Willodean."

Wazee wa Mlima Nebo wakainua shingo, wakatazama, wakaguna. Kweli, alikuwa Willodean.

Corwin akatabasamu kwa upole, kama anayemweleza mtoto kwa nini mwezi hauanguki. "Lakini mama, ndio uzuri wenyewe. Sanamu hii inaitwa Mwanamke wa Kawaida. Tukimpa jina, anaacha kuwa wa kawaida. Anapaswa kuwa kila mtu."

"Mimi ni wa kawaida na nina jina. Huyu Earnestine ni wa kawaida kupita kiasi, na ana majina matatu."

"Sema lako, mwenzangu," akasema Bi Earnestine. "Mimi usiniguse."

"Na haya maandishi yaliyojazana hapo kwenye kitako ni ya nini?"

"Hayo ni ya wafadhili," alisema Shemasi Lamar, akikohoa kidogo. Arletha akavaa miwani, akasoma kwa sauti. Benki ya Wakulima ya Tallisaw. Crenshaw na Wanawe, Wazikaji. Duka la Matrekta la Odom. Klabu ya Gofu.

"Klabu ya Gofu!" Arletha alivua miwani. "Enzi zile mtu mweusi akionekana Klabu ya Gofu, basi amebeba sinia. Haya, kitendawili!"

"Tega!" wakaitika wazee wote, kwa furaha.

"Aliyesimama juu hana jina, aliyemnyima kiti ameandikwa chini kwa dhahabu."

"Dada Arletha, tuko kwenye kikao."

"Umeshindwa? Basi nipe mji."

"Chukua Birmingham, tuendelee."

"Birmingham nimekwenda, nikakuta joto na bei mbaya. Nirudishie kitendawili changu nikitegue: ni kamati yako."

Ukumbi ukacheka. Shemasi Lamar hakucheka. Akapiga meza kwa rungu lake dogo, akafunga kikao kwa sala fupi kuliko zote alizowahi kusali, kisha akamvutia Arletha pembeni, nyuma ya birika kubwa la kahawa.

"Unadhani mimi sikijui kidole kile?" alinong'ona. "Nimekitumia tangu nikiwa mdogo, nikitoroka kwenda kununua karanga. Mchungaji anakijua. Kila mtu kwenye kamati anakijua."

"Sasa mbona mmenyamaza?"

"Kwa sababu huyu kijana aliandika kurasa arobaini kuhusu kidole. Arobaini, dada yangu! Akazipeleka kwa wale matajiri wa kaskazini wanaotoa fedha za sanamu, wakalia machozi, wakakubali. Sasa tukiandika Willodean Tubbs, magazeti yatamtafuta mwanawe kule Detroit. Watamuuliza mama yako alimaanisha nini. Naye atajibu, mama alikuwa anatoka. Wale matajiri watauliza alikuwa anatoka kwenda wapi."

"Na waulize! Hilo ndilo ninalotaka!"

"Watasema tumejenga sanamu ya mtu anayekwenda msalani."

"Hakuwa anakwenda msalani, Lamar, na wewe unajua."

Shemasi akatazama viatu vyake. Alikuwa anajua.

Willodean alikuwa mpishi wa Sherifu Buell Hatcher, mkuu wa polisi wa kaunti nzima, yule aliyekuwa akiwangojea njiani watu waliokwenda kujiandikisha kupiga kura. Kila jioni, nyimbo zikiwa zimepamba moto pale Mlima Nebo, Willodean aliinua kidole chake akatoka, kwa sababu chakula cha sherifu lazima kiwe mezani kikiwa cha moto. Alipakua, akazungusha mchuzi polepole kuliko ilivyohitajika, akasikiliza sherifu na vijana wake wakipanga watavizia barabara ipi. Kisha akaosha vyombo, akarudi kupitia mlango wa nyuma wa kanisa, ambao ufunguo wake alikuwa nao Arletha. Madereva waliowapeleka watu kujiandikisha wakaambiwa barabara ya kukwepa. Watu wakafika.

Nyumbani kwa sherifu hakuitwa Willodean. Aliitwa Dolly. Mpishi wa kwanza wa Bibi Hatcher, mke wa sherifu, aliitwa Dolly, na bibi huyo hakuona sababu ya kujisumbua na jina jipya kila anapobadilisha mpishi. Ndiyo maana akigonga ule mlango wa kanisa, Arletha alipouliza kwa ndani, "Nani?", Willodean hakujibu "mimi", wala "fungua, nimelowa". Alijibu, "Willodean Tubbs." Alilisema lote, taratibu. Siku moja mvua ikimnyeshea, Arletha akamwambia aache maringo, aingie. Willodean akasema, "Wewe niache. Nimekuwa Dolly tangu alfajiri. Nataka nilisikie langu kabla sijalisahau."

Alipofariki, familia ya sherifu ilituma maua makubwa ajabu. Kadi yake iliandikwa: Kwa mpendwa wetu Dolly. Arletha aliing'oa kadi hiyo mbele ya jeneza, akaitia kwenye soksi, maana gauni lake halikuwa na mfuko.

Sasa tena wanataka kumsimamisha katikati ya mji bila jina, na safari hii wa shaba, asiyeoza.

Arletha alikwenda kwa Mchungaji Dabney. Mchungaji akamsikiliza, akamshika mikono yote miwili, akaahidi kuliombea. Hapo Arletha akajua limekufa; jambo likishaanza kuombewa na Mchungaji Dabney, halina mwenyewe tena. Akaenda kwa meya, akaambiwa meya yuko Klabu ya Gofu. Akampigia simu Corwin. Corwin alimsikiliza kwa heshima zote, akamwambia huzuni yake ni nzuri sana, na akaomba ruhusa ya kuitumia katika hotuba.

Siku ya kuzindua sanamu ikafika, Jumamosi ya Juni, jua la kukaanga yai kwenye kofia. Turubai lilifungwa kwa ajili ya wafadhili. Watu wa kawaida, ambao ndio walikuwa wanaheshimiwa siku hiyo, waliwekewa viti juani.

"Angalau wametuwekea viti," alisema Bi Earnestine, akijipepea kwa pepeo ya kanisa yenye tangazo la Crenshaw na Wanawe. Alikuwa amevaa sare yake nyeupe ya mhudumu na glavu, ingawa hakuna aliyemwomba kuhudumu.

"Hivi ni vya kukodi," Arletha alisema. "Vinarudi saa nane."

Pazia likavutwa. Sanamu ikang'aa, Willodean mrefu kuliko alivyowahi kuwa. Watu wakapiga makofi. Arletha hakupiga. Aliinuka, akazunguka kitako chote akisoma, mbele, kulia, nyuma, kushoto, watu wa televisheni wakimpisha. Alikuta benki. Alikuta wazikaji. Alikuta matrekta na gofu, na jina la meya mara mbili. Juu yao, kwa herufi kubwa: MWANAMKE WA KAWAIDA. Akarudi kuketi.

"Lipo?" akauliza Bi Earnestine.

"Hata Odom wa matrekta yupo."

Hotuba zikaanza. Mwakilishi wa benki alisema benki imekuwa upande wa watu wa kawaida siku zote, na wazee waliowahi kukopa wakatazamana. Rais wa Klabu ya Gofu alilia kidogo, akafutwa na mkewe. Shemasi Lamar alitaja tarehe nyingi bila kumtaja mtu. Corwin alizungumzia kidole, na alipofika katikati ya kidole akaizungumzia huzuni ya Arletha, akiiita huzuni ya mama mmoja wa kawaida. Kisha akasimama meya, Chip Landrum, na karatasi nene mkononi.

"Leo," alisema meya, "mtu asiyejulikana hatimaye amejulikana!"

Arletha akashika mkoba wake. Hakuwa amepanga. Alitaka tu kuwa mahali pengine, na mwili uliolelewa Mlima Nebo unajua njia moja tu ya kuondoka mkutanoni. Akasimama. Akainua kidole. Akainamisha kichwa, akaanza kunyata kati ya viti.

Sasa, mhudumu wa mlango hawezi kumwona mtu ameinua kidole yeye akabaki ameketi. Bi Earnestine hakufikiri. Aliruka, akaweka mkono mmoja nyuma ya mgongo, wa pili akaunyoosha kuonyesha njia, akamtangulia Arletha kama anavyofanya kila Jumapili. Watu wa Mlima Nebo walipoona mhudumu amefungua njia, nao wakakumbuka shida zao. Mzee mmoja akainua kidole. Kisha mkewe. Kisha safu nzima ya kwaya. Wengine waliinuka kwa hasira, kwa sababu walimjua Willodean. Wengine waliinuka kwa sababu ya jua, na wapo waliokuwa wamebanwa tangu hotuba ya benki. Kidole hakisemi sababu, na huo ndio ustaarabu wake. Hata Mchungaji Dabney, kule jukwaani, aliinua chake nusu, akakitazama, akakimalizia.

Corwin alishika kifua. "Mungu wangu," alisema kwenye kipaza sauti, machozi yakimtiririka. "Wanamsalimu!"

Meya naye hakutaka kupitwa. Akainua kidole. Benki ikainua. Matrekta yakainua. Rais wa Klabu ya Gofu akainua kidole na kufumba macho. Turubai zima likasimama, vidole juu, nyuso zimejaa utukufu, wakiomba ruhusa ya kwenda nje, na hakuna hata mmoja aliyetoka.

Walipofika ukumbi wa chini wa kanisa, wazee walicheka mpaka viti vikalia. Chakula kilikuwa tayari: kambare wa kukaanga, mboga za majani zilizopikwa pamoja na mguu wa nguruwe wa moshi, chai baridi yenye sukari ya kutosha kumwamsha maiti.

"Umemwona Odom?" Bi Earnestine alisema, akishika mbavu. "Alivyokakamaa! Nilitaka nimwonyeshe choo kilipo."

Lakini Arletha hakula. Alikuwa ameketi na sahani mapajani. Wamecheka, vizuri, akawaza. Kesho watacheka tena. Na Willodean bado yuko kule nje, wa kawaida.

Mlango ukafunguliwa. Shemasi Lamar aliingia akitoka jasho, akaja moja kwa moja, akachuchumaa mbele yake.

"Dada Arletha, nakuomba. Wanakuja. Yule binti wa televisheni na Corwin. Wanataka kukuuliza kuhusu kidole." Akashusha sauti. "Nitaliweka jina. Nakuapia. Dogo, upande wa nyuma. Wewe sema tu ni kura."

"Dogo kiasi gani?"

Shemasi akaonyesha kwa vidole. Ukubwa wa harage.

"Upande wa nyuma, kwenye maua?"

"Maua yatapunguzwa."

Kabla Arletha hajajibu, taa ya kamera ikamwakia usoni. Binti wa televisheni alipiga goti, mtoto wa watu mwenye adabu. "Mama, tuambie. Ulipoinua kidole pale, ulimaanisha nini?"

Shemasi Lamar alifumba macho, midomo ikicheza. Arletha alimtazama Lamar, akakumbuka lile harage. Alimtazama binti.

"Umeanza mwishoni, mwanangu. Niulize kwanza yule pale nje ni nani."

"Ni nani, mama?"

"Willodean Tubbs." Alilisema lote, taratibu. Kisha akaeleza habari ya sherifu, na mchuzi, na barabara, na mlango wa nyuma, na Dolly. Binti hakumkatiza. Mtu wa kamera alisahau kutafuna chingamu. Bi Earnestine, aliyekuwa anaijua habari yote kwa moyo, alikuwa anajifuta pua kwa glavu.

"Na kidole?" binti akauliza polepole.

Hapa Arletha angeweza kusema kura, apate herufi zake kwenye maua. "Kidole kile," alisema, "Willodean alikuwa anaomba ruhusa ya kutoka."

Shemasi Lamar alitoa mlio kama birika linapoishiwa maji.

"Kutoka," alisema Corwin.

Wote wakamgeukia. Kijana alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, uso umepauka.

"Kutoka," alirudia. Kisha uso ukaanza kuwaka. "Kutoka! Kitabu cha pili cha Musa! Wana wa Israeli! Oh, nimekuwa kipofu! Haikuwa kura tu. Alikuwa anawatoa watu wake utumwani!"

Bi Earnestine akapatwa na kikohozi.

"Hapana, mwanangu," alisema Arletha. "Kutoka nje. Mlangoni. Alikuwa anakwenda kupika—"

"Kwa Farao!" Corwin alilia. "Alikuwa anapika nyumbani kwa Farao!"

"Amina!" akasema Shemasi Lamar haraka, akifumbua jicho moja.

"Nitawaandikia wafadhili usiku huu huu. Kurasa mpya! Na lile jina kule juu lifutwe. Musa hakuitwa Mwanamume wa Kawaida! Lazima jina lake liwe mbele, juu ya majina yote!"

Arletha alikuwa amefungua mdomo kumrekebisha. Alikuwa na maneno tayari, mazuri, ya kumshusha kijana kutoka kwenye Bahari ya Shamu mpaka kwenye jiko la Bibi Hatcher. Bi Earnestine alimtazama, na ukumbi mzima ukamtazama. Arletha akaufunga mdomo. Akaufungua tena.

"Kubwa kiasi gani?" akauliza.

Corwin alitandaza mikono.

"Basi ni Kutoka," Arletha akasema, akachukua uma, akaanza kula kambare.

Kwenye kitako hapakuwa na nafasi. Klabu ya Gofu ilihamishiwa nyuma, mahali bomba la kumwagilia maua linaporusha maji, na meya akabakiziwa jina mara moja. Fundi wa kuchonga alipokuja na patasi zake, alimkuta Arletha ameshaketi pale kwenye kiti cha kukunja, na mwavuli, na kitu cha kunywa.

"Mama, huna haja ya kungoja," fundi alisema. "Kazi yenyewe ndefu."

"Endelea tu, baba. Mimi sina maharage jikoni."

Akachonga, vumbi la jiwe likimtua begani. Alipofika jina la pili akasimamisha patasi. "Tubbs. B ngapi?"

"Mbili," alisema Arletha. "Na usizibane."